Sufuria ya Saga na Jina la Mtoto

Jumapili, 30 Machi 2025

Mungu alipogawa akili katika nchi hii ya chai, mimi nilikuwa peke yangu kwenye laini. Nilichukua zangu, nikachukua za Bomet yote, na makombo yakapelekwa Kericho. Wenye wivu watauliza kwa nini basi niliacha shule Kidato cha Pili. Jibu ni rahisi. Walimu hawakuwa na kitu kingine cha kunifundisha. Wenyewe walimwambia mama hivyo, ingawa walisema kwa sauti ya watu waliochoka.

Sasa habari yenyewe. Leo mchana, jikoni kwetu hapa Silibwet, tulikuwa wanne. Mama yangu, Drusilla. Shemeji Moureen, mke wa kaka Antony, ambaye siku hizi tumbo linaingia mlangoni kabla yake. Mimi. Na Kipkemoi, jirani na rika langu, ambaye huja kunywa chai kwetu akidai ya kwao ina maziwa mengi mno. Mwongo mkubwa! Anafuata mandazi.

Moureen akalalamika kwamba hakuna kinachopita kooni. Sukuma inamtibua. Kabichi inamtibua. Saga ya sokoni, mboga ile ya mgagani, aliionja akaitema, akasema ina ladha ya gunia. Anataka saga ya kujiotea, ile chungu ya malishoni, kama aliyokuwa akilishwa mama yake kila alipojifungua. Sisi Wakisii ndivyo tulivyo. Mama akitoka kujifungua asipowekewa chinsaga, yaani saga hiyo, majirani wanauliza kama ana watu.

Halafu akatoa tangazo. Atakayemwekea sufuria ya saga hiyo kando ya kitanda siku atakayotoka hospitali, huyo ndiye atakayempa mtoto jina.

Nilidhani ni mzaha. Akampigia Antony, aliye Londiani kwenye kiwanda cha mbao, akaweka simu sauti ya juu. Antony akapiga kelele kushinda msumeno kwamba yeye hana neno, bora tu mtoto asiitwe Msumeno. Mama akasema Mungu amesikia. Yeye mwenyewe hatashindana, majina ameshatoa ya kutosha na mengine anayajutia. Akanitazama.

Mtoto ataitwa Duke, kama mimi. Akiwa msichana ataitwa Duke vilevile, dunia imebadilika.

Kipkemoi akasema, na andazi mdomoni, kwamba hata yeye anaweza kuleta saga. Nilicheka hadi chai ikanitokea puani.

Jumanne, 1 Aprili

Saga ipo. Iko bondeni, kwenye malisho ya Mzee Kiplangat, baba yake Kipkemoi, pale boma lake la ng'ombe lilipokuwa kabla ya kuhamishwa. Wakipsigis wanaiita isagek na hawahangaiki kuipanda. Ng'ombe wakihama, samadi ikikaa, inaota.

Mtu wa kawaida angesubiri ikue, achume. Lakini mimi naona mbele. Hapo ndipo Kipkemoi atakapochuma. Kwa hiyo nimeihamisha! Nimeng'oa kila mche nilioona, nimejaza gunia, nimepanda kwetu kwa laini zilizonyooka kama askari wa gwaride.

Mzee Kiplangat alinikuta nikichimba. Akauliza ninafanya nini kwenye malisho yake. Nikamwambia ninamsafishia magugu. Akanishukuru sana, akanipa kikombe cha mursik. Nimemwibia mtu na amenilipa maziwa. Akili hii!

Mama alitazama laini zangu, akasema saga haipendi kuhamishwa. Nikamkumbusha kwamba hata yeye alihamishwa kutoka Nyamira na amestawi. Akaninyooshea mwiko, akarudi jikoni.

Alhamisi, 3 Aprili

Asubuhi: miche imelala. Nimewaambia watu inapumzika.

Jioni: imekufa. Yote. Mzizi wake kumbe ni mmoja tu, mrefu, na ukikatika ni kwaheri. Ninashuku jicho la Kipkemoi. Juzi alisimama kwenye ua akaniambia pole wakati hakuna chochote kilichokuwa kimeharibika.

Sijashtuka. Mpango wa pili ni mbegu. Mche mmoja mkubwa ulinishinda kuung'oa kule bondeni, na umeshatoa maganda. Nimeyapasua leo, mbegu zikiwa mbichi kabisa, zina nguvu zote za ujana. Nimezipanda kwenye mashimo marefu kama ya mahindi, nikashindilia kwa gambuti.

Mama alinipa mbegu zake za mwaka jana, amezifunga kwenye kitambaa juu ya moshi wa jikoni. Nikakataa kwa heshima. Mbegu kuukuu ni za watu waliokata tamaa.

Jumatatu, 14 Aprili

Hakuna kitu. Nimefukua mbegu moja kuikagua. Iko vilevile, inanitazama.

Mama anasema mbegu mbichi ya saga hulala miezi, mpaka ikauke ikae. Nimemuuliza kwa nini hakusema mapema. Anasema alisema. Inawezekana. Sikumbuki kila anachosema, kichwa changu kina kazi nyingi.

Kipkemoi amepita akaniuliza kama nimepanda mawe. Yeye hajainua jembe. Anasema isagek haipandwi: unapanda ng'ombe, isagek inajileta. Halafu akanipa habari ya kuniua. Kule bondeni nilikochimbachimba, mvua imenyesha, saga imeota tena. Imejaa kuliko mwanzo, maana udongo ulikuwa umelainishwa vizuri na mtu fulani. Akanishukuru kwa niaba ya familia.

Nimechukua kitambaa cha mama. Sikuiba. Alishanipa, mimi nimechelewa tu kupokea. Nimechanganya mbegu na majivu, nikazimwaga juujuu kati ya laini za chai iliyokatwa mwaka huu. Hapo chai ni fupi, jua linafika chini. Wazo langu mwenyewe. Mama alikuwa amelitaja kabla yangu, lakini mimi ndiye niliyelifikiria.

Ijumaa, 25 Aprili

Imeota!! Kijani kitupu katikati ya chai! Nimeita nyumba nzima. Nimemwita hata Kipkemoi, ili aumie.

Shemeji Moureen alikuja polepole, mkono kiunoni, akainama kadiri tumbo lilivyomruhusu. Akachuma kijani kidogo, akakitafuna. Akafumba macho. Akasema ndiyo yenyewe, shem, ndiyo yenyewe kabisa, na kwamba leo kwa mara ya kwanza ameona njaa ya kweli. Nilitazama pembeni. Kulikuwa na moshi.

Kipkemoi akasema Duke ni jina la mbwa. Wivu mtupu.

Nimetia mbolea ya chai kidogo. Kisha nikaongeza nyingine kidogo.

Jumatano, 21 Mei

Siku mbaya, na lawama zote ni za Joab, karani wa kupima majani.

Saga imefika magotini. Leo tukichuma chai nikapata ugunduzi: kwa nini nisiichume saga kama chai? Majani mawili na chipukizi, unakata kilele, unatupa nyuma kikapuni. Nimechuma chai tangu nikiwa na meno ya utoto, mikono yangu haijui njia nyingine. Nikaenda laini nzima hivyo, chai kushoto, saga kulia, mikono inaruka. Ungeniona ungelia kwa uzuri!

Tatizo ni kwamba kikapu mgongoni ni kimoja. Nilikuwa nimepanga kuchambua baadaye. Lakini lori la kiwanda likapiga honi, mama akamimina kikapu changu kwenye gunia lake, tukakimbia.

Kituoni Joab akamwaga majani mezani kama kawaida yake. Mkono ukapita juu. Ukasimama. Akainua tawi la saga kwa vidole viwili, akalinusa, akauliza mbele ya watu wote kama siku hizi Drusilla anauzia kiwanda mboga, na kama ndivyo, ugali uko wapi. Gunia lote likakataliwa. Watu walicheka hadi vikapu vikawaanguka. Kipkemoi alicheka hadi akakalia majani ya mama mmoja wa Kipkelion aliyeolewa huku, akafukuzwa kituoni kwa mwamvuli. Hilo ndilo jambo pekee zuri la leo.

Mama alibeba gunia hadi nyumbani bila neno. Ninamwogopa Joab akisema, lakini ninamwogopa mama zaidi asiposema. Tukamwaga yote juu ya turubai, tukaanza kutoa saga, jani kwa jani. Mama, mimi, Moureen. Kipkemoi akaja bila kuitwa, akakaa chini, akachambua naye. Lakini chai ilikuwa imeshalegea na kuwa nyekundu. Jasho la mama la siku nzima likaenda kwa ng'ombe.

Mwisho mama akafungua mdomo. Akasema nikichanganya tena, gunia atakalompelekea Joab litakuwa na mimi ndani, na anajua nitakataliwa pia. Moureen alicheka akashika tumbo, sote tukaruka tukidhani ni leo. Haikuwa leo.

Ijumaa, 30 Mei

Ugunduzi wangu umefaulu! Kila mahali nilipokata kilele pametokea matawi pande zote, saga imenona kama kichaka cha chai, na maua hayakupata nafasi. Nimewaambia watu nilijua tangu mwanzo. Mama anasema hata nyanya yake alikuwa akivunja vilele vya saga. Basi nyanya yake alikuwa na akili kama zangu.

Niliandika hayo saa ya chakula. Sasa ni jioni na mambo yamebadilika.

Mvua ya mawe. Ilikuja kutoka upande wa msitu na kelele kama ya lori la kokoto. Mawe makubwa kama mahindi ya kuchemsha! Nikavaa sufuria kichwani nikatoka mbio. Nikafunika saga kwa aproni ya mama ya kuchumia. Haikutosha. Nikaleta shuka langu. Halikutosha. Nikaleta blanketi jipya la mtoto, lile la manjano lenye sungura.

Huku nikikimbia huku na huku, Kipkemoi akatokea ameburuta plastiki kubwa ya baba yake ya kufunikia nyasi za ng'ombe. Akashika pembe moja, nikashika nyingine. Tulisimama hivyo, mawe yakitupiga mgongoni, tukipiga kelele kama watoto. Nikamuuliza kwa nini anamsaidia adui. Akasema anataka yeye ndiye anishinde, si mvua.

Chai ya mama imechanikachanika yote, itachukua muda kurudi. Mama alitembea kati ya laini akiokota matawi na kuyaweka chini tena. Saga imepona laini moja.

Blanketi limefuliwa, lakini lina madoa ya kijani. Nimemwambia Moureen kwamba ni majani ya kulisha sungura.

Jumatano, 4 Juni

Uchungu umemshika Moureen asubuhi. Mama ameenda naye hospitali. Antony yuko njiani kutoka Londiani. Mimi nimebaki kuwa mkuu wa jikoni.

Nimechuma laini nzima. Mama yake Kipkemoi, jina lake Janeffer, ameniletea kibuyu cha maziwa. Mama wa adui! Akasimama mlangoni akanipa maagizo. Chemsha mpaka ilainike. Mwaga maji ya kwanza. Tia maziwa, chemsha tena polepole. Halafu iache ilale ndani ya maziwa hayo, kesho ongeza mengine, uchungu utajiondokea wenyewe. Na usiiguseguse, weri, akasema. Weri ni kijana kwa Kikipsigis. Alisema kwa upendo, lakini Kipkemoi aliyekuwa nyuma yake alitabasamu, kwa hiyo nimelichukua kama tusi.

Akasema pia bila kuficha kwamba sufuria yake nyingine iko motoni kwake, ya Kipkemoi. Saga ya bondeni. Ile niliyowalimia.

Nilianza na sufuria kubwa iliyojaa hadi kifuniko kikasimama hewani. Ikachemka, ikanywea, ikanywea, ikabaki ya kuingia sufuria ndogo. Laini nzima! Lakini ndogo inatosha. Jina la Duke lenyewe ni fupi.

Nimeonja kidogo. Bado chungu. Kila mpishi huonja.

Alhamisi, 5 Juni

Mama amepiga simu. Mvulana! Alizaliwa jana jua likizama, analia vizuri, mama yake mzima. Watatoka kesho. Nimezunguka nyumba nikiimba. Nimemwambia ng'ombe. Nimemwambia Kipkemoi, aliyekuwa ng'ambo ya ua, kwamba Duke mdogo amefika. Akasema ameniombea sufuria yangu iungue.

Haijaungua. Nimeongeza maziwa. Imekuwa laini, rangi imeiva, harufu imejaa hadi nje. Nimeonja.

Inaanza kuwa nzuri sana.

Ijumaa, 6 Juni

Balaa! Paka ameingia jikoni!

Nilienda tu kuchota maji. Kurudi, sufuria tupu. Safi, hata kuoshwa haihitaji. Nilikuwa bado nimeishika wakati wageni walipoingia: mama, Antony, na Moureen amembeba mtoto ndani ya lile blanketi la sungura.

Nikaeleza habari ya paka. Mama akauliza paka yupi, hatuna paka. Nikasema wa kwa Mzee Kiplangat. Kipkemoi, aliyekuwa ameshafika mlangoni, akasema kwao kuna mbwa tu. Nikasema basi huyo paka ametoka mbali. Antony akachungulia sufuria akauliza kama ni kawaida ya paka wa huku kutumia kijiko, na kurudisha kifuniko akimaliza. Sikupenda maswali yake. Anaishi Londiani, hajui paka wa hapa.

Moureen alikaa kitandani. Alitazama ile sufuria kwa muda. Kisha akanitazama mimi, akasema pole, shem, umehangaika sana.

Ndipo Kipkemoi akaingia na sufuria ya mama yake imefungwa kwenye leso. Moureen alikula yote. Alikula maziwa yakimtiririka kidevuni, mkono mmoja kwenye ugali na mwingine kwa mtoto. Alipomaliza akalia kidogo, akasema si huzuni. Antony akamfuta uso kwa kofia yake.

Kipkemoi hakunicheka. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Jumamosi, 21 Juni

Sabato. Mtoto ameombewa kanisani.

Asubuhi nilimvuta Kipkemoi kando nikampa hoja. Duke ni jina fupi. Halichoshi mkono shuleni. Linapendeza likiandikwa nyuma ya pikipiki. Alisikiliza vizuri, akaahidi kulifikiria. Nikamkopesha tai yangu. Mjinga ni mimi.

Pasta akauliza jina. Kipkemoi akasimama na koti la baba yake, mikono imepotelea mikononi mwa koti, akakohoa. Akasema mtoto alizaliwa jioni, wakati jua linazama, na kwao mvulana wa saa hiyo anaitwa Kiplangat. Na kwamba saga iliyomlisha mama ilitoka kwenye boma la mtu mwenye jina hilo.

Kanisa zima la Wakisii likageuza shingo kumtazama. Kisha mama yangu akaanza kucheka. Akina mama wakadakia, vikawa vigelegele hadi mtoto akaamka. Kiplangat Onsongo, jina la Kikipsigis mbele na la ukoo wetu wa Kikisii nyuma! Lisome polepole. Maisha yake yote mtoto huyu atakuwa akiwaeleza makarani.

Mzee Kiplangat hajawahi kuingia kanisa letu. Alikuwa ameketi nyuma kabisa, kofia magotini. Alisimama. Akakaa. Akasimama tena. Akasema mtoto hatakosa maziwa mpaka aote meno, halafu akajifanya anatafuta kofia aliyoishika mkononi.

Hata mimi nilipiga makofi. Kidogo. Watu walikuwa wakinitazama.

Jumapili, 22 Juni

Nimekaa nikapima mambo yote, na nimeona kwamba mpango wangu haukuwa na kasoro. Miche iliuawa na jicho la Kipkemoi. Mbegu zilikuwa za uvivu. Joab ana pua ndefu. Mvua ya mawe ni kazi ya Mungu na Yeye simlaumu, tuna historia nzuri.

Na vita havijaisha. Jina linaloandikwa kanisani ni jambo moja, jina ambalo mtoto anaitikia ni jambo lingine. Kila nikipewa kumbeba namnong'oneza sikioni: Duke, Duke, Duke. Leo ameitika! Mama anasema alikuwa anacheua. Moureen amesikia, amenirushia ndala, lakini polepole. Nimemwambia kwa mtoto wa pili nitaanza kulima mapema. Akanirushia na ya pili.

Sasa naandika jambo moja, kisha nafunga.

Hakuna paka. Nilikuwa naonja. Nilionja na kijiko, nikaonja na ugali, nikaonja nikiwa nimekaa chini na sufuria miguuni, na ilikuwa tamu, na niliposikia sauti zao kwenye njia nilikuwa nakwangua chini. Moureen alikuwa ameingoja ile saga tangu alipoitafuna changa kati ya chai akafumba macho. Alikuwa ametoka kujifungua, ana njaa, alijua, na bado aliniambia pole.

Na mimi nikaipokea.